Nusu Yako ya Imondo

Minayo,

Mvua imeanza saa zake zile za baada ya chakula, na najua imekufungia huko Amalemba kwa shangazi yako. Dada yangu namjua. Hata ikiisha hatakuachilia, atateleka chai nyingine, halafu aanze upya kukuuliza kama umebeba soksi za kutosha. Vizuri, nimepata nafasi. Nimesukuma vyombo vya mchana kando, nimechana karatasi nyuma ya daftari lako la Kijerumani, zile zisizo na kitu, kwa hivyo usinune. Nataka kukujibu neno ulilosema Jumapili.

Ulikuwa umenipa mgongo, unasonga ugali. Ukasema, "Baba, naweza kuacha. Naenda kulisha wazee wa watu huko Ujerumani, na wangu nimwache na nani?"

Mimi nikacheka. Nikakuambia usijali, ukirudi utanikuta nimeoa msichana wa chuo. Hukucheka. Uliupiga ugali ule mwiko kwa hasira. Minayo, ule ulikuwa mzaha wa kazini. Nimetembeza wageni katika msitu huu tangu hujazaliwa, na mtu wa kazi yangu akiulizwa swali linalomshinda hufanya hivyo: huwachekesha kwanza, kisha huwaonyesha kima juu ya mti, nao husahau walichouliza. Leo hapa mezani hakuna kima. Nitajibu, ila uniache nifike kwa njia yangu, maana sijui kwenda mahali bila kusimama kila hatua nikimwonyesha mtu kitu.

Halafu kuna lile swali lako lingine, la wakati ulipokuwa unakunja nguo. Uliniuliza, watu wa huko wakitaka kujua kwenu kuna nini cha kuona na watu hula nini, uwaambie nini. Uliuliza kwa upole tu, lakini lilinichoma. Binti wa mtu anayeonyesha wageni nchi hajui kwao kuna nini. Nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku. Basi keti. Leo wewe ndiwe mgeni wangu, na mgeni wangu haharakishwi.

Watakuuliza simba. Wote huanzia hapo. Waambie ukweli, kwamba hujawahi kumwona, na baba yako amemwona akiwa amelala. Hiyo ilikuwa zamani, nilipokuwa kijana wa kubeba mizigo na kupiga hema kwenye gari la watalii. Tulizunguka nchi yote. Simba yule alilala chini ya kichaka, wageni wakampiga picha mpaka wakachoka, naye hakugeuza hata sikio. Mimi macho yangu yalikuwa kwa mama mmoja Mmaasai aliyekuwa anapita mbali na ndoo ya maji, akituangalia sisi kwa mshangao mkubwa kuliko sisi tulivyomwangalia simba.

Dereva wa gari lile alikuwa Rajabu, huyo Rajabu wa Mumias unayemjua. Yeye ndiye aliyenifundisha kula. Alikuwa akisema, ukifika mji usioujua usiangalie bango la hoteli, angalia malori yamesimama wapi. Dereva hawezi kula chakula kibaya, kwa sababu ana safari mbele yake. Kwa sheria hiyo nimekula Mombasa mahamri na mbaazi za nazi asubuhi mapema, nikashangaa kwamba kuna watu wanaamka na kula utamu namna hiyo kabla ya kufanya kazi yoyote. Nimekula samaki Kisumu, mzima, na macho yake, mchuzi ukinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nyama choma ya Nairobi ni nzuri lakini utasubiri mpaka njaa iishe yenyewe. Githeri ya Nyeri, yale mahindi na maharagwe, ukiikuta imekaangwa na viazi usiidharau, ingawa wenyewe huila kama adhabu.

Lakini sikiliza hili, maana hili ndilo nililolipia kwa miaka. Vyote hivyo nilivila nimesimama. Wageni walikuwa wananingoja, au hema lilikuwa halijafungwa, na kila mahali nilijiambia, hapa nitarudi na mtu wangu, tutaketi, tutakula polepole. Nilikuwa nimeshamwoa mama yako wakati huo. Nilikuwa nikirudi hapa Shirere namhadithia bahari, naye alikuwa akisikiliza huku anachambua mboga, akiuliza kama kweli maji yale yana chumvi yote, hata katikati. Mama yako hakuwahi kuiona bahari. Mimi niliamini kwamba kitu kizuri kinaweza kungoja, na nchi ilingoja kweli, iko pale pale mpaka leo. Mtu ndiye hakungoja.

Turudi nyumbani. Wakiuliza msitu, usiwaambie ni mkubwa, misitu mikubwa wanayo. Waambie juu ya kilima cha Lirhanda kabla jua halijatoka, ukungu umelala juu ya miti yote na huoni kitu, unasikia tu. Kuna ndege mmoja mkubwa wa bluu anayelia kama mtu anayekohoa akitaka kupewa nafasi ya kusema. Niliwahi kumpandisha pale bibi mmoja mgeni, mzee, na fimbo yake. Nikaanza hotuba yangu: mti huu ni dawa ya hiki, mti ule ni dawa ya kile. Akanishika mkono, akaweka kidole mdomoni. Nilikasirika, nikajiona nimedharauliwa. Tukakaa. Ukungu ukapanda, miti ikaanza kuonekana mmoja mmoja, na yule bibi akalia bila sauti. Baadaye aliniambia kwamba mumewe ndiye aliyetaka kuja kuona mahali pale. Namshukuru Mungu sikujibu. Wewe unaenda kwa wazee kama yule. Ukimlisha mmoja wao uji na ukaona ameacha kumeza anaangalia dirisha, ngoja naye. Usimwambie habari za kijiko.

Jiwe linalolia la Ilesi ulishaliona, nilikupeleka ukiwa mdogo. Nilikusimulia habari zote, maji yanavyochuruzika kwenye jiwe lile kama machozi, ukaangalia juu, ukaangalia chini, ukasema, "Baba, ni jiwe tu," ukaomba muwa. Nimewapeleka pale wageni wengi na sijawahi kupata aliyesema kweli namna hiyo. Lakini ukiwa huko mbali waambie linalia. Mtu akiwa mbali na kwao ana ruhusa hiyo.

Fahali ndio sikutaka uwaone, na sasa nakwambia sababu. Asubuhi ya vita vya fahali huku kwetu hujengi kuta wala hulipi kiti. Kila fahali hutoka boma lake na watu wake, ngoma za isukuti zinapigwa, wanaume wanapuliza filimbi na kupunga matawi, na fahali wawili wakishaungana pembe, kazi ya mtazamaji ni moja tu, kujua atakimbilia wapi. Nilikuwa kijana, nikajipanga mbele nionekane. Fahali aliyeshindwa akageuka, akaja kwangu. Nilikimbia bila kuangalia na nikaangukia karai la mandazi la msichana aliyekuwa akiuza pembeni. Watu wote walishatawanyika. Yeye peke yake hakukimbia, alikuwa ameshika kifuniko cha karai mbele yake, akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba mandazi niliyoyakalia ni yangu. Nilikula mandazi yaliyopondeka kwa juma zima. Hivyo ndivyo nilivyompata mama yako. Sikukupeleka kwa sababu kila nikisikia ngoma zile natafuta karai kwa macho.

Sasa chakula chetu wenyewe, na hapa uwe makini, maana watu watakuambia Afrika hula hivi na hivi, na wewe ni mtu wa mahali, si mtu wa Afrika yote. Obusuma wa kwetu wa kweli si huu ugali mweupe wa dukani. Ni ule wa wimbi uliochanganywa na muhogo, mweusi, mzito, unaokaa tumboni mpaka kesho. Mrenda unaoteleza, uliotiwa munyu wa jivu la maganda ya maharagwe, shangazi yako anautengeneza vizuri kuliko mimi na usimwambie nimesema. Kumbikumbi wa mvua za kwanza, uliokuwa ukiwala wabichi na mbawa zao, mama yako akikufukuza na ufagio. Na pilau ya Idd nyumbani kwa Rajabu, Mumias, ambako ukisema asalamu aleikum kabla hajakuwahi anafurahi siku nzima. Mama yako alipofariki, Rajabu alikuja na sufuria zima la pilau kwenye kiti cha mbele cha gari, limefungwa mkanda kama abiria, akaliweka jikoni, akakaa nami nje. Kuna watu wanajua.

Na ingokho, kuku wetu. Nimemweka mwisho kwa makusudi.

Waelezee watu wa huko imondo. Watu wa pwani huita firigisi, lakini neno hilo halina uzito. Waambie kwetu kuku anaweza kukatwa apendavyo mpishi, lakini imondo ni ya baba mwenye nyumba, au mgeni mkubwa ikiwa baba ameamua kumheshimu. Mwanamke hupika, huiweka juu ya bakuli ionekane, na haigusi. Nyanya yako alikufa bila kujua ladha yake. Sikuwahi kuona ajabu. Niliila imondo ya mama yako miaka yote ya ndoa yetu, naye aliila shingo, na tukaona dunia iko sawa.

Halafu mama hayupo. Ulikuwa na miaka minane. Krismasi ile ya kwanza nilichinja jogoo ili tu pasiwe na kimya, wewe ukanisaidia kukaanga, ukasimama juu ya kile kigoda. Ilipoiva ukaichukua imondo kwa mwiko, ukaiweka kwenye sahani yangu, juu, kama ulivyomwona akifanya. Niliitia mdomoni na haikushuka, Minayo. Nikaitoa. Nikachukua kisu nikaikata katikati, nikakupa nusu, tukaila pale pale mbele ya jiko tumesimama, nawe ukatafuna muda mrefu sana na ukasema ni ngumu, afadhali shingo. Lakini kuku aliyefuata uliniletea kisu mwenyewe.

Ikawa desturi ya nyumba yetu. Kabla chakula hakijafika mezani, imondo ilikuwa imeshaisha jikoni. Na ndivyo tulivyoaibika siku ile wajomba zako walipokuja, ndugu za mama, kuona unavyolelewa. Tulipika vizuri. Tulisahau kabisa, mazoea yakatuponza. Bakuli likafika mezani, mjomba wako mkubwa akachukua kijiko akageuza nyama, akageuza tena, akatafuta mpaka chini kwenye mchuzi. Akaniuliza, "Shemeji, huyu kuku alikuwa anasagia mahindi na nini?"

Mimi nilianza kutafuta uongo, nikitaka kusema paka. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na beseni la kunawia. Ukasema, "Tulikula, mjomba. Tunakulanga pamoja na baba."

Aliinuka hakula. Walitoka wote. Habari ikaenda mpaka Likuyani kwa binamu zangu, kwamba kuna mwanamume Shirere anagawana imondo na mtoto wa kike jikoni kama watu walioiba. Shangazi yako alikuja mbio akaniambia nimepoteza nyumba. Na mimi, Minayo, nikaona haya. Kuku aliyefuata nilikaa mezani kwangu, nikaila imondo nzima, mbele yako. Uliangalia sahani yako. Nilifanya hivyo muda fulani, na kila mara imondo ilikuwa kubwa kuliko mdomo wangu. Siku moja nikaona umeacha kunisaidia jikoni, unaniachia kuku mwenyewe, unakaa chumbani na vitabu. Nilipika peke yangu, nikala peke yangu, na wewe uko nyuma ya pazia tu. Hapo ndipo nilipojua upweke hauhitaji umbali. Nikachukua kisosi na kisu, nikaja mlangoni pako nikagonga. Kuanzia hapo sikujali tena nani amesema nini.

Nakwambia haya kwa sababu ya leo mchana. Ulimwona shangazi yako. Amepika mwenyewe, amekataa usiguse mwiko kwa kuwa wewe ni msafiri, na mbele ya watu wa kanisa na majirani ameiweka imondo juu ya wali wangu kama taji. Uliniangalia kutoka upande ule wa meza. Nilijua unachongoja. Sikuweza kutoa kisu mbele ya watu wote wale walioacha kazi zao kuja kukuaga, nikaogopa tena kama siku ya wajomba. Nikasema nimeshiba. Ukageuza uso, na baadaye ukaenda kumsindikiza shangazi bila kuniambia unarudi saa ngapi.

Basi jibu langu ndilo hili. Umeuliza utaniacha na nani. Utaniacha peke yangu. Rajabu atapita, shangazi yako atakuja kunigombeza, wanafunzi wa vyumba vya hapo nyuma watapiga muziki wao, na jioni nitafunga mlango na nyumba itakuwa na mimi tu. Nitaumia. Nitakuwa nikisikia chuma cha lango na kudhani ni wewe. Sitakudanganya kwamba nitazoea, sijazoea ya mama yako.

Lakini uende. Nimekusikia miezi hii yote ukirudia maneno yale magumu ya Kijerumani huku ukipalia mboga, ukicheka mwenyewe ulimi ukikwama. Hiyo sauti sijawahi kuisikia kwako kabla. Nikikwambia baki, utabaki, nakujua. Utanipikia, utanifulia, utazeeka hapa ukiniangalia nikila. Hiyo itakuwa ni mimi kuila imondo nzima, mbele yako, na safari hii sitapata mlango wa kugonga. Sitaki.

Ukifika mahali pazuri huko, usijiambie utarudi siku nyingine na mtu wako. Keti. Kula polepole. Mimi nihesabu kwamba nimeketi nawe.

Mvua inapungua, nasikia maji yanadondoka tu kwenye karai la nje. Barua hii nitaiweka juu ya kabati la vyombo, chini ya kisosi. Ulipogeuza uso, sahani yangu niliileta huku jikoni kabla shangazi hajairudisha imondo kwenye sufuria, na mlipotoka nikatafuta kisu chetu. Nusu yangu nimekula nimesimama. Yako iko hapo, nimeifunika na kikombe cha mama yako nzi wasiifikie. Imepoa, lakini usiipashe moto, itakuwa ngumu.

Kula yote, mama yangu. Nipo nje kwa kuku, najifanya nawaangalia.

Baba